Kornel Mchapaji na Jina la Mtu Aliye Hai

Kornel wa Kasense hakulia siku mkewe alipokufa. Watu walilisema jambo hilo, kwanza kwa huruma, baadaye kwa mshangao, na mwishowe wakalizoea kama wanavyozoea upepo wa mwezi wa sita. Justa aliugua kifua. Alilazwa, akarudi nyumbani, akalazwa tena, na mvua za kwanza zilipoanza kulainisha mashamba ya ulezi akazikwa. Siku ya mazishi Kornel alitupa udongo wake kaburini, akawashukuru watu, akawauliza ndugu waliotoka Mwimbi kama wamepata chakula. Macho yake yalikuwa makavu. Mwanawe Flavian, anayefanya biashara Tunduma, alimtazama baba yake kwa pembeni kama mtu anayetazama ukuta wenye ufa, akisubiri. Ukuta haukuanguka, na Flavian akarudi kwenye biashara yake.

Wala haikuwa huzuni. Huzuni Kornel angeifahamu, maana alikwisha kumzika baba na mama na mtoto mmoja mchanga. Hii ilikuwa kama mkono uliolaliwa usiku kucha. Unauona upo, unajua ni wako, lakini ukiugusa ni kama umegusa wa mtu mwingine. Alilima, alivuna, alikwenda misa na kurudi. Mtu akimuuliza habari za nyumbani alisema nzuri. Wale wasiokuwa na habari za msiba wakimuuliza mama hajambo, alisema hajambo, si kwa kusema uongo, bali kwa sababu jibu hilo ndilo lililokuwa karibu mdomoni. Neno marehemu hakulitumia. Hakuna aliyemsikia akilitumia.

Jirani yake, Mama Edwin, mwanamke wa jumuiya yao ya kanisa, alikuwa akimpelekea ugali na maharage jioni. Alikuwa na desturi ya kumuuliza kama chumvi imetosha, na Kornel alikuwa akisema imetosha. Siku moja Mama Edwin alisahau kabisa kutia chumvi, akakumbuka akiwa ameshaketi mbele yake na sahani iko nusu. Akamuuliza hivyo hivyo. Kornel akasema imetosha.  Kesho yake yule mama alifunga kitenge chake vizuri akaenda mjini Sumbawanga kwa Sista Angela, akamwambia kwamba mtu yule apewe kitu cha kufanya, kitu chochote, la sivyo watamzika naye akiwa anatembea.

Sista Angela ndiye aliyekuwa akitunza vitu vya zamani vya parokia, na miongoni mwa vitu hivyo kilikuwamo chumba cha uchapaji. Kilikuwa nyuma ya bohari, chumba kirefu cha matofali ya kuchoma chenye madirisha makubwa upande wa mashariki. Ndani yake Kornel alikuwa ameingia akiwa kijana aliyemaliza darasa la saba tu, akafundishwa na Bruda Victor, na akatoka akiwa na mvi. Siku hizo kila neno lilipangwa kwa mkono. Herufi zilikuwa vipande vidogo vya madini ya risasi, kila kimoja na herufi yake kichwani, zimekaa katika makasha ya mbao yenye vijumba vingi. Mpangaji alishika kibao kidogo cha chuma kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia akaokota herufi moja moja mpaka mstari ukajaa. Mistari ikifika ukurasa ilifungwa ndani ya fremu ya chuma kwa kabari, ikapakwa wino, na mashine ikaibana karatasi juu yake. Walichapa katekisimu, nyimbo, kalenda, mitihani ya shule. Kisha kompyuta zikaja. Vitabu vikahamia miji mikubwa, mitihani ikahamia kwenye maduka ya vifaa vya ofisi, na katika miaka yake ya mwisho chumba kile kilibaki na kazi moja tu, nayo ni kadi za kuombea marehemu. Watu wazima wa Ufipa waliipenda kadi ile ndogo yenye mpaka mweusi, wakaiweka ndani ya kitabu cha sala. Halafu nazo zikaisha, maana vijana walitaka kadi zenye picha ya rangi. Ya Justa mwenyewe Flavian aliitengenezea dukani mjini, ikiwa na picha yake na maua ambayo hayaoti popote pale Ufipa. Kornel aliipokea, akaitazama, akaona ni kadi ya mtu fulani.

Sista Angela alimwita akamweleza mambo bila kuzunguka. Baraza la parokia lilitaka chumba kile kiwe ghala la mahindi. Yeye alikuwa ameomba apewe siku moja tu, awaite watu waje waone mashine ikifanya kazi na waishike kwa mikono yao wenyewe: walimu, wanafunzi wa sekondari, wafanyabiashara, na zaidi ya wote Afisa Utamaduni wa manispaa. Afisa yule akiridhika, manispaa italeta wanafunzi mara kwa mara, chumba kitabaki, na atatakiwa mtu wa kukaa nacho.

"Ukikubali kuwaonyesha, na mambo yakienda vizuri, ufunguo utakaa kwako, Baba Flavian," alisema. "Yakienda vibaya, mimi sitakuwa na la kusema tena. Wataleta magunia."

Kornel aliitazama mikono yake hata Sista akadhani anatafuta maneno ya kukataa. Kumbe ndani yake kulikuwa na jambo geni. Tangu mvua zile za kwanza, hii ilikuwa mara yake ya kwanza kutaka kitu. Aliutaka ule ufunguo. Hakuutaka kwa ajili ya wanafunzi, wala kwa ajili ya kazi yenyewe. Alitaka chumba chenye mlango ambao mtu anaweza kuufunga, akakaa ndani na mashine, kwa kuwa mashine haikuulizi unaendeleaje wala haikukodolei macho ikingoja ulie. Akasema atakuja.

Aliifanyia usafi mashine ile kwa mafuta ya taa na matambara. Ilikuwa mashine ndogo ya kuvuta mkono, nyeusi, nzito kama ng'ombe aliyelala. Rola ya mpira ilikuwa bado nzima. Wino uliokuwa ndani ya kopo ulikuwa umefanya utando juu, kama uji uliopoa. Alipoutoboa utando, chini kulikuwa na wino mzuri, mweusi, unaonata. Kwenye makasha alikuta panya wamefanya kiota katika kijumba cha herufi k. Akakitoa, akazipangusa herufi moja moja. Mikono ilikuwa inakumbuka kila kijumba kilipo, wakati yeye mwenyewe hakukumbuka. Alikaa akiitazama mikono yake ikifanya kazi kama anavyomtazama fundi wa jirani.

Siku yenyewe ilikuwa na baridi na upepo, na watu walikuja na makoti na masweta. Mama Edwin na wenzake walipika chai na maandazi. Afisa Utamaduni alikuwa mwanamke wa makamo kutoka Mbeya, jina lake Atupele, mwenye sauti nene na mikono isiyotulia. Kila alichokiona alikigusa. Alimwamkia Kornel shikamoo kwa heshima zote, ingawa umri wao haukupishana sana, akamwambia ameambiwa yeye ndiye mwenye chumba. Kornel alisema marahaba, mama, akatazama chini. Pamoja naye alikuja mfanyabiashara mmoja wa vifaa vya ujenzi, Asajile, mtu wa kwao Rungwe, huko huko Mbeya, ambaye hawezi kukaa kimya palipo na watu watatu.

Sista Angela ndiye aliyeongea. Kornel alionyesha. Wanafunzi walipewa vibao vya chuma wajaribu kupanga maneno, na herufi zao zikasimama nyingine kichwa chini, nyingine zimelala. Walicheka, wakachekana. Asajile naye akachukua kibao, akaokota herufi, akaigeuza huku na huku.

"Mzee, hizi herufi mbona zinanipa mgongo? Nimezikosea nini?"

"Hazikupi mgongo," Kornel alisema. "Zinaitazama karatasi. Wewe hazikuhusu."

Watu wakaangua kicheko, na Asajile akacheka kuliko wote. Akamgeukia Atupele akamwambia amesikia, huyu mzee anafaa kuwekwa kaunta ya dukani kwake awajibu wateja wanaoomba kukopa. Sista Angela alikuwa anatabasamu. Kornel aliona kwamba mambo yanakwenda vizuri. Aliona tu, kama mtu anavyoona kuwa mvua inanyesha kwa majirani.

Kila mtu alivuta mkono wa mashine akachapa karatasi moja iliyoandikwa Karibuni Sumbawanga, ambayo Kornel alikuwa ameipanga tangu jana. Walizipeperusha ili zikauke, wakapigana picha kwa simu. Hapo ndipo Atupele aliposema kwamba hiyo ni sawa na kula chakula kilichopikwa na mwingine. Yeye anataka kuona tangu kuni.

"Panga kitu kipya hapa hapa tukikuona, baba. Panga jina langu. Kisha niachie nichape mwenyewe."

Kornel akachukua kibao chake. Watu wakamzunguka, wakabanana. Asajile akaanza kumuuliza risasi ile iliyeyushwaje na inauzwaje siku hizi, mwalimu mmoja akauliza herufi moja inakaa miaka mingapi, wanafunzi wakasogeza simu zao karibu na vidole vyake. Kornel alikuwa akijibu ndiyo, hapana, muda mrefu. Mikono ikaendelea. Ilikuwa na kasi ambayo watu hawakuitegemea kwa mtu mpole namna ile. Mlio wa herufi zikigonga chuma ulikuwa kama wa mtu anayechambua maharage kwenye sinia. Mstari ukajaa, ukafuata mwingine, na mwingine. Atupele akasema kumbe jina lake ni refu namna hiyo. Wakacheka. Sista Angela alidhani Kornel ameongeza maneno ya kumkaribisha mgeni, akafurahi moyoni kwamba leo amechangamka.

Kabla ya kufunga fremu, Kornel aliisoma mistari yake, kinyumenyume, kama Bruda Victor alivyomfundisha kwamba asiyesoma kabla ya kuchapa atasomewa na watu. Alisoma kila herufi. Hakuona kosa. Na kweli, hakuna herufi hata moja iliyokuwa na kosa. Akagonga kabari, akapitisha rola yenye wino, akaweka karatasi, akasogea pembeni.

Atupele alikunja mikono ya sweta yake. Akaushika mkono wa mashine, akauvuta kwa nguvu, akauachia. Akaibandua karatasi taratibu kwa ncha za vidole, akaiinua juu ili wote waione, na kwa sauti yake ile nene akaanza kusoma.

"Mwombeeni Marehemu Atupele..."

Akaishia hapo. Chini ya jina lake kulikuwa na mstari mmoja zaidi, na kila aliyekuwa mbele aliusoma kimoyomoyo: Apumzike kwa amani.

 Huko nje upepo ulikuwa unapiga bati la bohari. Kornel alitazama karatasi, akaona kile mikono yake ilichofanya, na akaelewa kwa nini. Miaka yote ile ya mwisho, kila jina la mtu mmoja lililopita vidoleni mwake lilikuwa la mtu aliyezikwa. Walio hai hawakuchapiwa majina. Mikono haikujua njia nyingine ya kuliendea jina isipokuwa ile. Lakini hayo angemweleza nani? Alihisi baridi ya chuma kwenye kiganja na hakuhisi kitu kingine. Akawaza, kwa utulivu kabisa, kwamba magunia ya mahindi yataanzia upande ule wa madirisha.

"Dada Atu," Asajile alisema, "kumbe ofisini wanakutafuta bure."

Hakuna aliyecheka, na yeye mwenyewe aliona hivyo akafunga mdomo. Atupele alikuwa ameishika karatasi mbali na mwili wake, kama mtu aliyeshika kuku mwenye ugonjwa. Alikuwa mtu wa ofisi, aliyesoma, lakini uso wake ulikuwa umebadilika. Mchana ule alitakiwa kusafiri kwenda Matai kwa kazi. Alisema kwa sauti ndogo kwamba hana imani za ajabu ajabu, ila karatasi hii haendi nayo nyumbani, na wala haiachi hapa.

Ndipo watu walipoanza kushauriana. Mwalimu mmoja alisema ichanwe tu mambo yaishe. Mama Edwin, aliyekuwa amesimama mlangoni na birika, akasema jina la mtu halichanwi, ukilichana umemchana mwenyewe. Mwingine akasema ichomwe. Wakamkatalia wengi kwa pamoja, wakamuuliza tangu lini mtu mzima akachoma jina la mwenzake mchana kweupe. Mmoja alitaka Paroko aitwe aibariki, mwingine akauliza aibariki ipate kufanya nini. Sista Angela alianza kumwomba radhi Atupele, akajikwaa, akaanza tena. Kornel aliyasikia yote kana kwamba yanasemwa chumba cha pili.

Alikuwa mtu asiyesema mbele ya watu. Hata kwenye jumuiya alipoombwa kuongoza sala alikuwa akimtazama Justa, na Justa ndiye aliyeanza. Sasa alisogea mpaka kwenye meza ya wino, akachukua rola, akaipitisha kwenye wino mara mbili.

"Karatasi iliyoharibika hatuichani wala hatuichomi," alisema, akiitazama meza. "Tunaitandika hapa, tunaipitishia rola. Lete, mama. Ufanye mwenyewe."

Atupele alimtazama, kisha akaiweka karatasi mezani. Kornel akampa rola, akamwonyesha kuisukuma bila kuikandamiza. Alianza kwa woga. Wino ukafunika mstari wa chini, ukapanda, ukalifikia jina. Akapitisha tena na tena, watu wakimtazama, mpaka karatasi nzima ikawa nyeusi, inang'aa, haina kilichoandikwa. Alipoiweka rola chini mikono yake ilikuwa na wino mpaka kwenye kucha. Akashusha pumzi.

"Limefunikwa," Mama Edwin alisema. "Hilo sawa. Lakini lile neno la marehemu lingali kwenye chuma, Baba Flavian. Nalo je? Limeshaitwa. Neno kama lile haliitwi likarudi bure."

Wote wakaitazama fremu. Mistari ilikuwa bado imefungwa, myeusi na mibichi, imeitazama dari. Kornel angeweza kuilegeza kabari, akazirudisha herufi zote kwenye vijumba vyake, na jambo likaisha kama jambo la kazi. Mkono wake ulifika kwenye kabari. Ukakaa pale.

"Lina mwenyewe," alisema.

Sista Angela akauliza nani.

"Mke wangu."

Watu wa manispaa hawakuwa na habari, walitazamana. Atupele akauliza kwa upole mama alifariki lini, na Mama Edwin akamjibu kwa niaba yake kwamba ni tangu mwanzo wa masika.  Kornel alilegeza kabari, akatoa herufi za Atupele moja moja na kuzipanga pembeni kwenye kisinia, akaenda kwenye kasha. Jina la Justa lilikuwa fupi, likaacha nafasi, na ilimbidi ajaze vipande vya risasi visivyo na herufi pande zote mbili ili mstari usilegee. Mikono haikuwa na kasi tena. Herufi ya mwisho ilimponyoka ikaanguka sakafuni, na Asajile, mwenye tumbo kubwa, akainama akaitafuta chini ya meza, akaipata, akaipangusa kwenye suruali yake, akampa. Hakufanya mzaha wowote.

Atupele alipousogelea mkono wa mashine amsaidie, Kornel alitikisa kichwa.

"Hii nitavuta mwenyewe, mama."

Akavuta. Akabandua. Akasoma, na mara hii akasoma kwa sauti, neno moja baada ya jingine, kama mtoto anayesomeshwa.

"Mwombeeni Marehemu Justa. Apumzike kwa amani."

Akasubiri kitu kije. Aliijua ile hadithi ambayo watu walikuwa wakimsimulia, kwamba siku moja kitapasuka kifuani na atalia, na akishalia atapona. Alisimama na karatasi yake akangoja, na watu wakangoja pamoja naye. Hakikuja. Aliigeuza karatasi akapitisha kidole nyuma yake, mahali ambapo herufi zilikuwa zimebonyeza, na kidole kikayahisi mabonde madogo, moja moja, mpaka mwisho wa jina. Hicho ndicho alichokihisi. Kilikuwa kidogo, lakini kilikuwa pale kwenye ncha ya kidole chake, si cha mtu mwingine.

Mama Edwin akaweka birika chini, akafanya ishara ya msalaba, na Wakatoliki waliokuwamo wakafanya vivyo hivyo. Atupele, ambaye hakuwa Mkatoliki, aliinamisha kichwa.

Baada ya hapo Kornel alimpangia mgeni jina lake upya. Alimuuliza anataka liwekewe nini juu yake. Atupele akafikiri, akasema lisiwekewe kitu, liwe jina tu, na chini yake pia wazi. Akavuta mwenyewe. Lilipotoka, limekaa peke yake katikati ya karatasi nyeupe, alilitazama sana akasema linatosha, ataliweka ofisini kwake. Sista Angela alipomsindikiza garini alijaribu tena kuomba radhi. Inasemekana Atupele alimwambia asiombe radhi. Manispaa italeta wanafunzi, ila wafundishwe kwanza kusoma kinyumenyume kabla hawajamwachia mtu avute mashine. Wengine wanasema alicheka aliposema hivyo. Kornel hakuwapo. Alikuwa ndani anaosha fremu kwa mafuta ya taa.

Watu walipokwisha kutawanyika, Asajile alibaki. Alijifanya anakagua skrubu za mashine, akasema hizi hazipatikani tena hata Tunduma. Akauliza habari ya rola. Akauliza habari ya wino. Halafu akasema, bila kumtazama Kornel, kwamba mama yake alizikwa kwao wakati yeye yuko barabarani na mzigo wa mabati, lori limeharibika, akafika akakuta kaburi. Hakuna kadi iliyochapwa. Hakuna kitu. Yeye si Mkatoliki, ni Mmoraviani, hajui kama inafaa.

"Aliitwa nani?" Kornel aliuliza.

Asajile akamtajia. Kornel akachukua kibao chake.

Ufunguo alikabidhiwa Jumapili baada ya misa. Sista Angela alimpa mbele ya wajumbe wa baraza, na mjumbe mmoja ambaye alikuwa amekwisha kutafuta magunia akampa mkono hivyo hivyo. Ulikuwa ufunguo mkubwa wa chuma, wenye kutu shingoni. Kornel aliutia mfuko wa koti akarudi Kasense, na njiani aliugusa mara kwa mara. Aliona jinsi atakavyofanya. Atafika asubuhi, atafungua, ataingia, ataufunga mlango kwa ndani. Ataketi kwenye kile kiti cha Bruda Victor, upande wa madirisha, na hakuna mtu atakayemuuliza neno mpaka jioni.

Jumatatu alitoka mapema, umande ungali kwenye majani ya njiani. Alipozunguka kona ya bohari aliona watu kwenye ngazi ya chumba. Mzee mmoja wa Mwimbi alikuwa amekaa amejifunika blanketi, baiskeli yake imeegemea ukutani. Kando yake walikuwapo wanawake wawili wenye vitenge vya jumuiya ambao hakuwajua, mmoja ana mtoto mgongoni. Habari zilikuwa zimekwisha kutembea, kwamba kwa mchapaji wa misheni ukipeleka jina la mtu wako linapewa neno lake, linatulia.

Kornel alisimama. Alitaka kugeuka arudi. Hapakuwa na mtu nyuma yake, njia ilikuwa wazi, na koti lake lilikuwa zito upande mmoja kwa ajili ya ufunguo. Yule mzee akanyanyuka kwa shida, na watu wale wakamwamkia kwa zamu. Kornel akawajibu. Akafungua mlango, akauacha wazi kwa sababu walikuwa wengi na ndani kulikuwa na giza bado, akafungua madirisha ya mashariki, akavua koti akalitundika. Kisha akakishika kibao chake kwa mkono wa kushoto, akamgeukia mzee.

"Jina lake nani?" akauliza.

Mzee akamtajia jina la mdogo wake. Kornel alianza kuokota herufi, na mzee akaendelea kumweleza habari za yule ndugu, alikuwa mtu wa namna gani, alipenda nini. Kornel alikuwa anasikiliza.